Jina la Mama Mkwe

Mimi huwaambia wanafunzi wa uuguzi kwamba mashine ya kupima oksijeni ni mashine tu. Mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi hulindwa na macho, mikono na mdomo wa nesi. Mdomo, kwa sababu akianza kusahau kupumua unamwita jina lake. Nilisema hayo kwa majivuno miaka tisa, mpaka siku mama mkwe wangu alipoletwa hospitalini kwetu kutoka Kasikeu.

Kwetu Ukambani mwanamume hataji jina la mama mkwe. Hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mwenzake apite. Hiyo ndiyo nthoni, na usicheke. Nilikuwa nimeoa miaka kumi na minne na sikuwahi kuyaona meno yake.

Tangu Agosti alikuwa hamezi kitu kigumu. Uji ndio ulipita, nao kwa shida. Daktari Waruguru, mwenye kamera ya kuangalia koo na tumbo, huja kwetu mara moja kwa mwezi, na nesi mwenzangu, Sandra, alikuwa likizo ya uzazi, kwa hivyo kumlaza mama kungekuwa kazi yangu peke yangu. Nikamwambia mke wangu, Nduku, kwamba afadhali tungoje mwezi ujao.

"We Kyule," akasema, "mwezi ujao utampima ama utamzika?"

Siku ya kamera nikaingia chumba cha kupimia nikiwa nimenuna.

Maswali ya usalama niliyauliza nikitazama ukuta, naye mama akajibu akitazama dirisha. Hajala tangu jana jioni. Hana meno ya kubandika. Hakuna dawa inayomdhuru. Kanuni inataka nimtaje mgonjwa jina kwa sauti, yeye aitikie. Mimi nikasoma jina kwenye utepe wa mkononi mwake kimoyomoyo, nikaweka tiki. Nani angejua?

Alikuwa amekonda sana, kwa hivyo nilimpa dawa kidogo kidogo. Alipolala, daktari akapitisha mpira wa kamera. Nikasimama kichwani pake, macho kwenye namba za oksijeni. Tisini na sita. Tisini na mbili. Kifua kilikuwa kinapanda kwa uvivu.

"Mama," nikasema. "Mama, vuta pumzi."

Themanini na tisa. Nikaongeza oksijeni. "Mama!"

"Kyule, unaita nani?" Daktari akafoka. Yeye ni wa Murang'a, mambo yetu hayajui. "Mwite jina! Mimi natoa kamera."

Themanini na tano. Nitasema ukweli, maana kuficha hakunisaidii: nilisita. Mtu alikuwa anakosa pumzi mbele yangu, na mimi, nesi wa miaka tisa, nilikuwa naona haya. Mpaka leo nikikumbuka zile sekunde napandwa na hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu.

Nikamshika taya kwa mikono miwili, nikalisukuma mbele.

"Kalunde!" nikapaza sauti. "Kalunde, pumua!"

Akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mtungi wa maji baada ya mlima. Akavuta nyingine. Namba zikapanda polepole. Daktari alingoja zikae sawa, kisha akarudisha kamera na kumaliza kazi yake. Kulikuwa na kidonda kooni, akakata kipande cha kupelekwa maabara. Muda wote huo sikuliachilia lile taya.

Baadaye mama akalazwa chumba cha kuamkia, Nduku kando yake. Mimi nikabaki nyuma ya pazia, nikimwomba Mungu dawa imsahaulishe, kama inavyowasahaulisha wengi.

"Nduku," nikamsikia akisema, sauti imekauka. "Kuna mtu alikuwa anaita mama, mama. Nikadhani anaita mamake. Nikajiambia, wacha mimi nipumzike."

Nikasogea karibu na pazia.

"Halafu akaniita mimi."

Nduku alikuwa nje ya mlango wakati ule, na sauti yangu anaijua.

"Mwambie alete mbuzi," mama akaendelea. "Nthoni ikivunjwa faini ni mbuzi, hata kama ni hospitali." Akavuta pumzi. Alipoongea tena aliongea kwa sauti kubwa, akielekeza maneno kwenye pazia. "Na umwambie, nikirudishwa kwa hiyo kamera, aniite mapema."