Maua ya Nyamvula

Nyamvula alipokuwa mahututi, alimshika mkono shoga yake Mishi akamwambia, "Nikiondoka, maua yangu usiyaache yakauke."

Mishi aliapa. Maua yenyewe aliyajua: madogo, ya zambarau, majani yake laini yenye manyoya. Nyamvula aliyatoa kando ya chemchemi msituni, kwao Kwale, akayapanda uani kwake, mtaa wa Shika Adabu, nyuma ya bafu, chini ya mfenesi, mahali pasipofika jua.

Miezi saba baada ya mazishi, Luqman, mume wa marehemu, alimposa Mishi, naye akakubali. Akahamia nyumba ile ile. Lakini nyuma ya bafu hakwenda. Kila alipoyakumbuka yale maua, moyo ulimpasuka. Kiangazi kikaja, mifereji ikakauka, majani yakalala chini kama matambara.

Wiki ambayo Luqman alikuwa safarini na lori lake, Mishi alikwenda kuanika nguo, akachungulia nyuma ya bafu, akakuta udongo pale umelowa. Kesho yake pia. Akamwendea jirani yake, Kadzo.

"Dada, ni wewe unayenitilia maji maua?"

"Mie? Wallahi hata ya kupikia nayatafuta!"

Siku ya tatu, adhuhuri, Mishi alikuwa jikoni aliposikia kata ikigonga ukingo wa pipa uani. Akatoka mbio. Lango lilikuwa na komeo kwa ndani. Kifuniko cha pipa kilikuwa chini, kata inachuruzika, wala hapakuwa na mtu. Akajikokota hadi nyuma ya bafu. Maji yalikuwa yametiwa mashinani polepole, bila tone kwenye majani, maana yakilowa huoza. Mtu mmoja tu alikuwa na mkono ule.

Akakaa kitako.

"Nyamvula," alisema. "Kiapo nilikivunja. Na liko jingine. Luqman nilianza kumtamani ungali hai. Nilikuwa nakulisha uji huku namtazama yeye. Nisamehe, mwenzangu."

Ubaridi ulimpitia shingoni, kama mtu aliyetoka majini amepita nyuma yake, na majani ya mfenesi hayakutikisika hata moja.

Jioni ile alifagia majani makavu ya mfenesi akayatandaza juu ya udongo uhifadhi unyevu. Mashina yaliyosongamana akayagawa, akayapanda upya kwa nafasi. Tangu hapo akawa anayatilia maji mwenyewe kila alfajiri, kidogo kidogo. Mara nyingine alihisi anasimamiwa, anatazamwa kama anafanya sawasawa. Hakugeuka nyuma.

Luqman aliporudi, akayaona maua yameinuka.

"Nani kayahuisha haya?"

Mishi akamweleza yote, hata lile la uji. Luqman akachutama, akiyatazama yale maua.

"Alijua," alisema. "Aliniambia yeye mwenyewe. Alisema, muoe Mishi, lakini mwache kwanza anililie."

Mishi akaweka kiganja juu ya udongo baridi. Tangu mazishi hakuwa amelia hata siku moja. Sasa machozi yakamtoka, na Luqman akaingia ndani akamwachia nafasi.