Kurasa Nilizochoma Kwanza

Mwaka 1993, sisi wa asili ya Kasai tulipofukuzwa Likasi, tulilala miezi mitatu pale gare tukingoja treni. Nyumba yetu ya mtaa wa Shituru watu wengine waliingia, sufuria zikiwa bado jikoni. Mume wangu Kabongo alitoka na blanketi na kitabu kinene cha sataranji, cha Kifaransa.

Mjukuu wetu Élisabeth, yatima wa binti yetu Julie, alishinda kila mtu pale gare isipokuwa babu yake. Kabongo alimtania kwamba anafungua mchezo kama bwana arusi na kuumaliza kama mlevi. Ni kweli, kete zikibaki chache, mtoto anapotea.

Kisha ugonjwa wa kuhara ukamshika Kabongo. Alijua siku zake zimebaki chache. Akaniita.

"Mama Julie, kuni ilikwisha?"

"Ilikwisha."

"Basi choma kitabu. Lakini choma kurasa za kufungua mchezo. Za kumaliza uache, ni ile mutoto hajue bado."

Mimi shule niliacha mwaka wa tatu; Kifaransa kwangu ni michoro tu. Niliwaza kwamba mchezo unaanza kwa kufungua, basi na kitabu vilevile. Nikachana kutoka mbele. Siku nne nilimchemshia maji na uji kwa karatasi zile. Hata nilifurahi, ziliwaka vizuri.

Siku ya tano Élisabeth alishika kilichobaki, akafunua, akafunua tena, kisha akanieleza. Aliyeandika kitabu kile alitaka mwanafunzi aanze na kete chache, kwa hiyo mambo ya kumaliza aliyaweka mbele. Zilibaki kurasa za kufungua, zile mtoto anazozijua tayari.

Mimi mwenyewe nilimwambia Kabongo. Hakunigombeza. Alimwomba Élisabeth achore miraba chini na kuokota kokoto za reli. Asubuhi nzima, kwa sauti ya kunong'ona, alimfundisha mfalme na pioni moja, ile kete ndogo ya askari. Siku iliyofuata, mfalme na pioni mbili. Alipochoka akasema minara, zile kete za pembeni, wataifanya kesho.

Hiyo kesho tulimzika ng'ambo ya reli, ndani ya blanketi lake.

Treni ilikuja baada ya wiki mbili. Ndani ya behewa Élisabeth alicheza na Étienne, mwenye ubao, aliyekuwa mwalimu kule Kakontwe, Likasi. Alicheza vizuri mpaka ikabaki minara na pioni. Hapo mkono wake ukasimama hewani. Hakuangalia ubao, aliniangalia mimi.

"Kaku," aliniambia mimi bibi yake, "hapa hatukufika."