Mikahawa ya Mkwe

Baba yangu, Thobias, alipanda mikahawa kwenye ardhi isiyo yake. Kwetu Uluguru shamba ni la ukoo wa mama, naye alikuja pale kama mkwe, na mkwe hata azeeke vipi hubaki mkwe. Mama alipokuwa hai hakuna aliyemsumbua. Ushirika ulichukua kahawa na kulipa ulipojisikia, na mjomba Tomasi, kaka wa mama, alimcheka baba kwa kung'ang'ania miti isiyojaza sufuria.

Kisha serikali ikafungua soko. Wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao hadi kijijini, bei ikapanda, na mjomba ghafla akakumbuka ardhi ni ya nani. Mama alikuwa amefariki juzijuzi tu. Mjomba akatangaza kwamba hamfukuzi mtu, ila shamba haliwezi kukaa mikononi mwa mkwe asiye na mke. Shamba angepewa Upendo, binti wa marehemu, mradi arudi kuishi pale na kulima. Akikataa, ukoo unalichukua, na baba arudi kwao Mgeta.

Huyo Upendo ni mimi. Wakati huo nilikuwa nashona nguo mjini, Kihonda, kwa mama Maimuna, ambaye alikuwa anahamia kwa mwanawe Tanga na alitaka kuniachia kibanda, cherehani na wateja. Nilikipenda kile kibanda kuliko mwanamume yeyote aliyewahi kuniposa.

Nilipanda mlima siku ya kikao cha ukoo nikiwa nimeshaamua kukataa. Lakini nikamkuta baba shambani, anapita mstari kwa mstari, anashika mti mmoja mmoja. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia bila kugeuka. Roho iliniuma. Nikajiambia, huyu ukimtoa hapa umemuua.

Kwenye kikao baba alikaa karibu na mlango, kimya, maana mambo ya ukoo mkwe hayasemei. Wajomba walinitazama mimi, mimi nikamtazama yeye, naye akatazama chini. Nikasema nitarudi. Mjomba akaagiza pombe, wazee wakanibariki, shamba likawa langu mbele ya ukoo mzima. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

Jioni tulimenya kahawa iliyochumwa asubuhi. Baba alizungusha mashine ya mkono, mimi nikamimina matunda mekundu juu yake, maganda yakatoka huku na mbegu zenye ute kule. Nikamwambia asihofu tena, miti yake haitaguswa na mtu.

Baba akaacha kuzungusha.

"Nilikuwa naomba ukatae," alisema. "Niende kwetu nikapumzike. Miti hii imenichosha tangu mama yako yuko hai. Asubuhi ulinikuta naiaga. Halafu nikakusikia unasema utarudi, nikajua unalitaka shamba. Sasa nitakuachaje peke yako na kazi yote hii?"

Nikamwambia sikulitaka hata kidogo, nilikubali kwa ajili yake. Tukatazamana kama wajinga wawili. Nilitamani kulia, nikatamani kumpiga mtu, na hakukuwa na wa kumpiga. Upande wa pili wa ua wajomba walikuwa bado wanakunywa, na pombe ya ukoo ikishanywewa juu ya neno lako, hulirudishi bila kuwatukana wote, hadi mama kaburini.

"Zungusha, baba," nikamwambia. "Kahawa ikilala na maganda itaharibika."

Akazungusha.