Masomo Ishirini na Manne Chini ya Uongozi wa Maître Matthias

Fomu za kujiandikisha ziliisha kwa mwanafunzi wa kumi na nne, na Phébé alikuwa wa kumi na tano. Ilikuwa Jumatatu saa nane mchana, katika ukumbi wa Chama cha Magitaa, ng'ambo ya reli mjini Kamina. Katibu wa chama, Jean-Baptiste, karani mstaafu, alipekua droo mara mbili, akainua kitambaa cha meza, akatazama hata chini ya kiti. Karani wa mahali pengine angemwambia mtu arudi kesho. Jean-Baptiste hakuwahi kumwacha mtu aondoke mbele yake bila kugongewa mhuri, na hakutaka kuanza uzeeni. Alichukua gitaa la Phébé, akalilaza kifudifudi mezani, akaupulizia mhuri pumzi ya moto, akaugonga mgongoni mwa gitaa kwa nguvu zake zote. Herufi zilitoka safi, rangi ya zambarau: SOUS LA DIRECTION DE MAÎTRE MATTHIAS, yaani chini ya uongozi wa Maître Matthias.

"Voilà," alisema Jean-Baptiste. "Sasa weye uko mu règle, kila kitu sawa."

Phébé alishukuru. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mwenye miaka ishirini na saba, na alitaka jambo moja tu lisilohusu chaki. Mama yake, aliyefariki miaka mitatu nyuma, alikuwa na wimbo wake wa Kiluba wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Mchi ulishika mdundo chini, mdomo ukaimba juu, na katikati kulikuwa na kitu ambacho Phébé hakukijulia jina, pengine pumzi tu. Wimbo huo haukuandikwa popote. Kuimba Phébé hakujaliwa. Hata kanisani Déborah, mdogo wake, mshonaji mwenye watoto wawili, humwomba anyamaze. Lakini alisikia kwamba katika masomo ya mwisho mtu hufundishwa kupiga besi, akordi na sauti ya wimbo, vyote kwa gitaa moja, bila mwimbaji. Alitaka kuusikia tena wimbo wa mama kabla haujamtoka kichwani.

Kozi ilikuwa na masomo ishirini na manne: manane ya akordi, manane ya solo, na manane ya kupanga wimbo mzima kwa gitaa moja. Yote yalikuwa ndani ya kadi ya kumbukumbu ya simu iliyonunuliwa kwa mke wa mwanajeshi kule Base, kambi ya jeshi. Iliyofundisha ilikuwa sauti ya mwanamume asiyejulikana, mpole, aliyesema, "Weka kidole cha kwanza hapa. Vizuri. Sasa rudia." Kazi ya Maître Matthias ilikuwa kubonyeza. Alibonyeza akiwa amevaa tai. Somo likiisha alisema "Suivant!", yaani linalofuata, na kubonyeza tena, na kwa kazi hiyo mji mzima ulimwamkia kwa kuvua kofia. Yeye mwenyewe alikwama kwenye somo la sita, lenye akordi ya fa, inayotaka kidole kimoja kibane nyuzi zote sita kwa pamoja. Alieleza kwamba fa ni akordi ya watu wasio na elimu.

Wanafunzi kumi na wanne nao walikwama kwenye fa, wakapewa vyeti. Phébé aliendelea. Alipambana na fa wiki tatu, kidole kikafanya sugu, na Alhamisi moja saa kumi jioni, akiwa barazani kwake, aliipata. Nyuzi zilitetemeka zote sita, na gitaa lake halikutoa sauti yoyote. Wakati huohuo, mitaa mitano mbele, gitaa la Maître lililokuwa limening'inia msumarini sebuleni lilitoa fa safi kabisa. Maître alikuwa ananyoa ndevu. Mke wake, Mama Émerence, alichungulia kutoka jikoni akasema, "Enfin!", yaani hatimaye. Maître alifikiri kidogo, akaona hakuna haja ya kubishana.

Tangu siku hiyo kila alichopiga Phébé kilisikika kwa Maître, na kwake hakikusikika kitu. Hakuna aliyeshangaa. Mhuri ni mhuri, na mzigo hufika kwa yule aliyeandikwa juu yake. Phébé alijifunza solo zote na mipango yote kwa vidole tu, kama mtu anayepika akiwa na mafua. Ili ajue alipokosea, Déborah alisimama kwenye ukuta wa Maître, akarudi kwa dada yake na habari: "Yaya, pale mu katikati ulichelewa. Majirani balifunga madirisha." Mama Émerence naye alituma ujumbe wa adabu, kwamba Phébé asipige saa ya siesta, watu wamelala, na, kama inawezekana, apunguze besi.

Maître akaanza kualikwa kwenye harusi. Aliketi mbele, akazikuna nyuzi kama anayemkuna mbuzi, na muziki ukatoka wa kuliza watu, mradi Phébé ameambiwa saa ya kupiga kule nyumbani kwake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Wahenga hao hawakufika Kamina. Hapa inasitiri vizuri sana, na watu wanausifia mshono.

Phébé alijaribu kuufuta mhuri kwa msasa. Chini ya mhuri palikuwa na mhuri. Alisugua mpaka ubao ukawa mwembamba kama kadi ya harusi, akaacha. Akanunua gitaa jingine kwa fundi mmoja wa Kaniama, akalileta nyumbani kwa pikipiki. Alipolifungua kutoka kwenye kitenge, mhuri ulikuwa tayari mgongoni, umekauka. Ndipo alipoandika malalamiko kwa kamati, nakala tatu.

Kamati ilikutana Jumamosi. Mwenyekiti, Papa Kazadi, mtu mzima aliyependa haki ilimradi isichukue muda, aliamuru jambo lithibitishwe. Gitaa la Maître liliwekwa mezani ndani ya sanduku lake, limefungwa. Maître aliketi pembeni akitafuna karanga, mikono yote miwili ikionekana. Phébé akakaa katikati ya ukumbi, akapiga wimbo wa mama yake, mpango alioutunga mwenyewe kwa kufuata somo la ishirini na nne. Wimbo ukatoka sandukuni. Tangu mazishi hakuwa ameusikia, na ulikuwa wenyewe, mchi chini, mdomo juu, hata ile pumzi ya katikati. Phébé alipiga huku machozi yakimtiririka, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa kazini. Papa Kazadi naye alijifuta macho.

"Hii iko wimbo ya nani?" aliuliza.

"Ya mama yangu, Papa. Minyi njo niliipanga."

"Na sisi bote tulisikia inatokea wapi?"

"Mu sanduku ya Maître."

"Njo vile." Papa Kazadi aligeukia wenzake. "Mutoto yangu, bantu banasikia na masikio, hapana na vidole."

Jean-Baptiste aliandika katika kumbukumbu kwamba sauti imethibitika kutoka kwa Maître, na kwamba mwanafunzi apongezwe kwa nidhamu. Phébé aliomba basi mhuri ubatilishwe. Jean-Baptiste alimjibu kwa upole kwamba mhuri wa kubatilisha chama hakina. Waliuomba Lubumbashi mwaka 2009 na bado wanasubiri. Maître aliongeza ombi lake: mwanafunzi asije kupiga karibu na nyumba yake, maana wageni wanaweza kuchanganyikiwa. Ombi lilikubaliwa kwa kauli moja, na karanga zikapitishwa.

Hata hivyo Phébé alikuwa amekwisha kuusikia wimbo, na hakuweza kukaa bila kuusikia tena. Kila Jumapili, Maître na Mama Émerence wakiwa kanisani, alikaa juu ya tofali nje ya ukuta wao, akapiga. Wimbo wa mama ulitoka dirishani mwa sebule. Alijipatia hivyo robo saa kwa wiki, na wiki nzima aliishi kwa hiyo robo saa. Majirani walimwona na hawakumsema, kwa kuwa siku ya Jumapili alikuwa hakosei.

Mwezi wa nane ikaja barua. Shule moja ya muziki ya Lubumbashi ilitafuta mwalimu wa gitaa, aliyemaliza masomo yote na mwenye mpango wake mwenyewe wa wimbo mmoja. Wageni wawili wangekuja kumsikiliza. Mjini Kamina mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, lakini kamati ilipofungua jalada haikukuta fomu ya Phébé. Kwa karatasi, Phébé hakuwahi kusoma. Wakaandika jina la Maître Matthias.

Phébé hakuililia kazi. Alililia gitaa la Maître, ambalo lingekwenda naye Lubumbashi, na wimbo ndani yake, na yeye abaki na tofali. Akaamua kwamba siku hiyo hatapiga. Maître abaki mbele ya wageni na vidole vyake vya somo la sita, akataliwe, gitaa lirudi msumarini.

Habari hizo zilifika kwa kamati kabla Phébé hajamaliza kuzisema. Mchana wa siku iliyotangulia ile ya wageni, walikuja watatu uani kwake: Papa Kazadi, Jean-Baptiste na Mama Émerence, aliyebeba samaki wakavu wa Mulongo kwenye beseni.

"Mutoto yangu," alisema Papa Kazadi, "weye unataka bantu ba Lubumbashi bacheke Kamina?"

"Kesho minyi sitapiga, Papa."

"Na haya ya muji muzima?" aliuliza Mama Émerence.

"Haya iko ya mwenye hajue kupiga, Mama."

Mama Émerence aliangalia samaki wake. "Minyi niko nasikia weye kila siku mu nyumba yangu," alisema. "Uko napiga muzuri. Sasa juu ya nini unaharibu?"

Phébé aliwapa maji ya kunywa, akawasindikiza hadi njiani kama inavyotakiwa, na samaki akawarudishia. Walikwenda wakitikisa vichwa juu ya vijana wa siku hizi.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Wageni, Monsieur Marc na Madame Béthanie, waliketi mbele na madaftari yao. Nyumbani, Phébé alikaa barazani na gitaa mapajani, akaikalia mikono yake yote miwili. Maître Matthias alirekebisha tai, akainama, akaanza kuzikuna nyuzi. Gitaa halikutoa kitu. Inzi alisikika. Behewa lilisikika likisogezwa kule stesheni. Maître hakuwa mpumbavu kiasi cha kusimama. Alikuna na kukuna, macho ameyafumba.

Na watu wa Kamina, ambao waliujua wimbo kutoka Jumapili zote zile, waliufuata. Walipojua kwamba sasa ni besi, waliinamisha vichwa. Walipojua kwamba sasa sauti inapanda, wanawake wa mstari wa pili walipumua kwa nguvu. Dakika ya tatu Papa Kazadi alijifuta macho, mahali palepale alipojifuta mbele ya kamati. Maître alipoinua mkono, ukumbi mzima ulisimama na kupiga makofi. Monsieur Marc alimtazama Madame Béthanie, naye akamtazama Monsieur Marc, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiri kwamba hakusikia kitu. Madame Béthanie alipiga makofi. Monsieur Marc alipiga kwa nguvu zaidi, ili kufidia alivyochelewa. Katika daftari aliandika kwamba kimya kina mshindo mkuu, na kwamba mwalimu huyu anazitawala pause, yaani vituo vya kimya, kuliko yeyote waliyemsikia mwaka huu. Kazi akapewa palepale, na safari ikawa jioni ileile.

Déborah alifika barazani akihema.

"Yaya, Maître alipata."

"Gitare ililia?"

"Haikulia hata kidogo."

"Sasa alipata namna gani?"

"Balipiga makofi," alisema Déborah. "Na minyi nilipiga. Bote balisimama, Yaya, ningefanya nini?"

Phébé alimchukia mdogo wake kwa muda wa pumzi tatu, kisha akawachukia wote kwa usawa. Alitoa mikono chini ya mapaja, ilikuwa imekufa ganzi, akaisugua mpaka ikaamka. Akachukua gitaa, akaenda hadi kwenye barabara ya Lubumbashi, mahali ambapo magari hupunguza mwendo kwa ajili ya mashimo, akakaa kando juu ya mzizi.

Jeep ilikuja saa kumi na dakika kumi, imejaa vumbi, wageni mbele, Maître nyuma, na gitaa lake kwenye buti katikati ya magunia ya mahindi. Ilipokaribia, Phébé alianza kupiga. Wimbo wa mama ulitoka chini ya magunia, umezibwa kidogo lakini wote, ukaja kwake, ukampita kwa mwendo wa gari linalokwepa mashimo. Maître alimwona, akagusa kofia.

"Maître," alisema dereva, "gitare yako iko nalia kule nyuma."

"Iache," alisema Maître. "Iko nafanya répétition, mazoezi tu."

Shimo la mwisho lilipoisha, gari lilikazana. Phébé aliusikia wimbo ukizidi kuwa mdogo, kwanza mchi ukapotea, kisha pumzi, kisha sauti ya juu. Katikati ya ubeti wa pili hakusikia tena kitu. Aliendelea kupiga hadi mwisho, na ubeti wa mwisho akaurudia mara mbili kama alivyofanya mama. Watu waliokuwa wanatoka shambani walimwamkia mwalimu, akaitikia kwa kichwa. Kisha alifunga gitaa ndani ya kitenge na kurudi nyumbani, kwani alikuwa na madaftari arobaini ya kusahihisha.