Skrini Inayoonekana Kitandani

Tulikuwa dukani Kawangware tukichagua kati ya skrini mbili za kompyuta. Mume wangu Nyamai hupenda gemu za mpira, na muuzaji alishamwambia ile nyeusi ndiyo yenye kasi. Si aichukue twende? Badala yake akachuchumaa pembeni, shingo ameipinda, akizitazama zote mbili kutoka chini.

"Nyamai, unaniaibisha! Skrini huangaliwa kwa mbele."

"Wewe huiangalia ukiwa wapi?"

Nyumba yetu ya Makina ni chumba kimoja. Yeye hucheza mezani, mimi hutazama kutoka kando, nimelala kitandani.

"Hiyo ya kasi, ukiwa huku ni giza tupu," akasema akiinuka. "Tunabeba hii nyingine. Nikifunga na hujaona, hilo bao ni la nini?"