Hina ya Bibi wa Kitaliano

Siku ya hina ya binti wa Madam Nura, Mwanamize aliingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida, akavua viatu, akakanda hina kwa ndimu na maji ya chai. Aliishi mtaa wa Karantina tangu alipotoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na Jeddah nzima hakuwapo aliyemfikia kwa kupamba bibi harusi. Hilo alilijua, wala hakuona haya kulisema.

Ukumbini palikuwa na picha mpya. Mume wa madam, aliyetajirika kwa saruji pesa za mafuta zilipoanza kumwagika, aliinunua Italia: bibi wa ukoo wa kitajiri, wa karne nyingi zilizopita, amechorwa kwa rangi za mafuta, amevaa gauni la mahameli jekundu na lulu shingoni. Meli iliyomleta bibi huyo ilikaa miezi nje ya Bandari ya Jeddah ikingoja gati, na humo ndimo alimojifunza Kiarabu cha mabaharia.

Mwanamize alipokuwa anamalizia mguu wa bibi harusi, bibi wa pichani alinyoosha mkono nje ya fremu.

"Ngoja zamu yako, bibi," Mwanamize alimwambia. "Huyu ndiye mwenye harusi."

Akangoja. Zamu yake ilipofika alipakwa mikono yote miwili, maua mpaka kwenye vifundo, na rangi ikakolea upesi, maana ngozi ile haikuwahi kuona jua.

Sinia za wali zikaingia.

"Mwanamize, chakula chako kiko jikoni," alisema madam kwa upole.

Kwao Unguja mpambaji hukaa jamvini, ubavuni mwa bibi harusi, na sahani yake hutangulia. Miaka yote hii alilitaka hilo mara moja tu, aonekane amekaa. Likamuuma, kama lilivyomuuma kila harusi. Lakini mcheza kwao hutunzwa, na hapa hapakuwa kwao. Akanyanyuka, shingo juu.

"Huyu aliyetupamba anakaa wapi?" bibi wa pichani aliuliza.

"Jikoni," madam alimjibu.

Bibi akakusanya mahameli yake, akateremka, akamfuata Mwanamize, wakala sinia moja. Fremu ikabaki na weusi wake wa nyuma tu.

Madam aliwafuata akiwa amekasirika, maana wageni walitoka Riyadh makusudi kuitazama picha.

"Mwambie arudi ukumbini."

"Atarudi nikikaa naye, madam. Ndivyo anavyotaka, na mimi ndivyo nitakavyo."

"Ukumbini? Watu watasema nini?"

Madam akafikiri kidogo, kisha akawaita wapishi wawili wailete fremu. Ikatundikwa juu ya magunia ya mchele. Bibi akapanda, akakaa vizuri, mikono yake mbele. Wageni wakaletwa mpaka mlango wa jikoni.

"Mwanamize, nenda uani kidogo," alisema madam. "Unawaziba."

Mwanamize akatoka na sahani yake, akala wima. Ndani, mgeni mmoja wa Riyadh aliisogelea picha, akasema hajapata kuona hina nzuri kama ile, akauliza imepakwa na nani.

"Imekuja nayo kutoka Italia," madam alijibu.

Mwanamize akameza tonge, akafuta mdomo.

"Imepakwa na Mwanamize binti Haroub," alisema kutoka uani, kwa sauti ya kumfikia kila mtu.

Ikawafikia. Bibi wa pichani aliitikia kwa kichwa. Madam akaufunga mlango wa uani, akawaambia wageni nzi wamezidi.