Bei ya Boksi la Mama Keki

Boksi la keki lilikuwa limekamilika tangu jana. Rangi zimekaa, jina linasomeka, mfuniko unajifunga wenyewe bila gundi. Dizaina alilichapa, akalikata, akalikunja, kisha akalifunika kwa mtandio. Mteja alikuwa ameahidiwa Ijumaa, na Ijumaa ilikuwa bado.

"Umelifunika kama maiti," dada yake alimtania. Dada alikuwa msusi. Sebule ndiyo saluni yake, na pazia moja tu liliitenga na meza ya mdogo wake.

"Nikimpa leo atasema ni kazi ya siku moja, nimpunguzie. Na ndiye wa kwanza kuikubali bei yangu bila kukuna kichwa. Akighairi, Jumatatu narudi kiwandani kumchapia bosi kadi za harusi."

"Makubwa! Kazi imeisha, mtu anaiatamia kama mayai."

Hodi ikapigwa. Alikuwa Mama Keki, mteja mwenyewe, amekuja kusukwa. Dizaina akavuta pazia, akatulia tuli kama kifaranga aliyeona mwewe.

Joto lilikuwa kali. Kichwa kilipofika nusu, Mama Keki akalalamika, "Nigeuzie feni, mwanangu, naiva huku." Msusi akaigeuza. Upepo ukalipuliza pazia, ukauvuta na mtandio, na boksi likabaki wazi mezani.

"Lile si boksi langu?"

Msusi akauma kichana, akaendelea kusuka.

Dizaina alijitokeza. Angeweza kusema ni la majaribio. "Ni lako, mama. Limekamilika tangu jana."

"Jana! Na mimi namwonea mtu huruma, nasema mtoto wa watu hapati usingizi! Basi kama ni kazi ya siku moja, na bei ipungue."

Alitaka kusimama aondoke, lakini nusu ya nywele zilikuwa zimelala na nusu zimesimama kama ufagio. Akakaa.

Dizaina akasogea karibu. "Mama, si kuna msusi jirani na duka lako? Mbona unakuja huku kote?"

"Yule? Unakaa asubuhi hujazeeka, unainuka jioni una kibiongo!"

"Anatoza zaidi kuliko dada?"

"Pungufu. Ila huyu anamaliza upesi…" Mama Keki akajishika mdomo. Msusi akacheka puani. "Haya, cheka! Nimeingia mtegoni kwa miguu yangu."

"Siuzi siku zangu, mama. Nimeharibu maboksi ya watu wengi mpaka nikajua kutoliharibu lako."

"Watu gani hao?"

"Hawajarudi."

Hapo Mama Keki akacheka mpaka msusi akapoteza mstari.

"Bei ni ileile," dizaina akasema. "Kosa langu ni kukuficha. Kwa hilo niwie radhi."

"Lilete."

Mama Keki alilifungua, akalifunga, akalinusa kana kwamba keki imo. Jina lilikuwa limechorwa kwa herufi nono, kama krimu iliyomiminwa na mkono usio na haraka. Akainuka, akalipeleka mlangoni kulitazama kwenye jua.

"Mama, nusu kichwa!" msusi akapiga ukelele.

"Waache waone!"

Mpita njia mmoja alisimama. Alikitazama kichwa, akalitazama boksi. "Keki hizo zinauzwa wapi?"

Mama Keki alimwelekeza duka hadi kona ya mwisho, kisha akarudi kitini amejaa furaha tele. "Bei yako ni ileile, mwanangu. Na boksi la keki ndogo nitalipata lini?"

Dizaina alifungua mdomo aseme wiki mbili. Akaufunga. "Kesho kutwa. Bei nitakutajia kabla sijaanza."

"Taja, nimekaa. Nitakwenda wapi na kichwa hiki?"

Msusi alichukua kichana, akaurudia ule mstari uliopotea. "Enhe," akasema, "na mimi kumbe nilikuwa nauza rahisi."

"Wewe suka!" wakamjibu wote wawili.